Karatasi ya Siku Mbili

Kafaltar, 29 Bhadau

Mwanangu Suyog,

Shangazi yako Chameli ameniapia kwamba barua hii itakufikia chini ya chiura, mchele wetu wa kupondwa, ndani ya mfuko wa chakula, na kwamba askari wa mlangoni hupekua nyama tu, hasa ile anayotaka kuila yeye mwenyewe. Kwa hiyo nakuandikia bila kificho. Mimi siji huko mahabusu, usinitazamie. Nikija nitakuzaba kibao mbele ya polisi, halafu tutakuwa wafungwa wawili.

Leo, mwezi wa Bhadau ukielekea mwisho, ni siku ya tano tangu wakuchukue. Nimekaa pale pale ninapokaa miaka thelathini na moja, kwenye benchi letu la waandishi wa hati nje ya ofisi ya wilaya. Tofauti ni kwamba ofisi yenyewe haipo. Yamebaki majivu na kuta nne nyeusi, na hema walilolisimamisha uani ili karani apate pa kukaa. Watu wanakuja kama kawaida. Kuna mjane aliyengoja hati ya shamba miaka sita, na kuna kijana anayetaka cheti cha uraia apate pasipoti, aende Qatar kubeba matofali. Wananiuliza, "Mzee Tirtha, sasa tuanzie wapi?" Niwajibu nini? Niwaambie waanzie kwa mwanangu? Maana mji mzima unasema ni wewe.

Nisikilize. Jumatatu siikatai hata kidogo. Serikali iliwafungia mitandao ili msiwaone watoto wa vigogo wakijitapa na saa na magari yao, nanyi mkatoka na sare za shule kudai haki yenu. Bango lako nililiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ofisini. Jumatatu hiyo polisi wakafyatua risasi, akafa Dipsan wa Ghale, mtoto wa miaka kumi na saba. Huyo namlilia, na atakayenikataza kulia namngoja hapa benchini. Lakini Jumanne! Jumanne mlirudi na petroli.

Katika chumba cha kumbukumbu, rafu ya tatu, kulikuwa na bunda la kitambaa chekundu. Ndani yake yalikuwa malalamiko ya daraja, niliyoyaandika mimi. Watu mia mbili na kumi na moja walipiga madole, dole gumba la kulia na la kushoto, kumshtaki mkandarasi aliyejaza mchanga mahali pa saruji. Je, nikukumbushe nani alikuwa juu ya daraja lile lilipokatika, na gunia la mbegu za viazi mgongoni? Mama yako. Nakala ninayo nyumbani, lakini nakala haina madole. Ni ya kufungia karanga.

Unijibu kwa namba, kama ninavyowafundisha wateja wangu. Moja: Jumatatu ulikuwa wapi, na uliona nini? Mbili: Jumanne ulikuwa wapi, na mkononi ulishika nini? Usinizungushe.

Baba yako,
Tirtha Lal Amatya


Mahabusu, 1 Asoj

Baba,

Shikamoo. Naandika juu ya karatasi ya ndani ya boksi la biskuti, kwa penseli ya urefu wa jino, kwa hiyo mwandiko usiuseme.

Tuko kumi na wanne katika chumba cha watu watano. Tunalala kwa zamu. Kila mmoja wetu ameitwa mezani mara tatu au nne, na kila mara swali ni lile lile: nani alishika petroli? Nani aliinunua? Nani aliibeba? Nani alikuwa na kiberiti? Mpaka sasa, Baba, hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa nani alishika bunduki. Hata kwa bahati mbaya! Na wewe, baba yangu mzazi, umeandika kurasa mbili, na Dipsan ukampa mistari mitatu. Mabunda ya kitambaa umeyapa ukurasa mzima.

Haya, namba moja. Jumatatu nilikuwa mstari wa mbele. Tulikuwa tumekaa chini barabarani. Tumekaa, Baba, matako kwenye lami, wasichana upande ule na sisi upande huu, tunaimba nyimbo za shule. Jua lilikuwa kali. Dipsan, unamjua alivyokuwa, hawezi kukaa kimya, akainuka na chupa yake ya maji akamsogelea askari mmoja aliyekuwa akitokwa na jasho ndani ya lile kofia la chuma. Akamwambia, "Kaka, kunywa, utaanguka utuangukie." Watu wakacheka. Yule askari naye alicheka. Akanyoosha mkono kupokea.

Hapo ndipo inspekta mwenye miwani myeusi aliposema neno moja. Hakukuwa na onyo wala mabomu ya machozi, hata virungu havikutolewa. Risasi ilimpata Dipsan shingoni. Niliishika shingo yake kwa mikono yangu yote miwili, nikabana, na damu ikawa inatoka kati ya vidole. Alikuwa akinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nilibana mpaka wenzangu waliponiambia niache.

Inspekta huyo unataka kujua yuko wapi? Yuko hapa hapa. Ndiye msimamizi wa mahabusu hii. Kila asubuhi anaingia na daftari kutuhesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Mimi ni wa tisa. Ananigusa hapa kifuani na kusema "tisa," na miwani ile ile usoni.

Namba mbili: Jumanne nilikuwa mtaani kama watu wote. Mji mzima ulikuwa mtaani.

Mwambie shangazi achari ilikuwa tamu.

Suyog


Kafaltar, 3 Asoj

Mwanangu,

Umenipiga mahali pake. Mistari mitatu ilikuwa michache. Baada ya kusoma barua yako nilivaa kofia nikaenda kwa akina Ghale.

Mama yake Dipsan hakulia mbele yangu. Alinikalisha, akanipa chai, akasema, "Mzee, wewe ndiye unayejua maneno ya ofisini. Niandikie." Nikaandika pale pale kwenye mkeka, kurasa mbili, kila kitu mahali pake: jina, umri, saa, mahali, jeraha. Baba yake akapiga madole, mama naye akapiga madole. Mama alibonyeza kwa nguvu mpaka wino ukatoboa karatasi, nikalazimika kuandika upya.

Tukaenda hemani. Karani, yule mwenye kipara anayejifanya hakujui mpaka umpe salamu mara mbili, akaisoma mistari minne ya mwanzo. Akairudisha. Akasema, "Haipokeleki. Hakuna shahidi."

Nikamwambia, "Hakuna shahidi? Wanafunzi mia nne walikuwa barabarani!"

Akasema, "Walete."

Nikamwambia, "Waliokuwa mbele mmewafungia ndani!"

Akasema, "Mzee Tirtha, usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Aliyeona kwa macho yake aje apige dole kwamba aliona. Akija, nitapokea. Bila hivyo hii ni hadithi."

Hadithi! Mtoto yuko chini ya ardhi, eti hadithi! Miaka yote hii nawaambia watu wawe na subira, kwamba karatasi ikiandikwa vizuri lazima itapita, na leo karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika imenirudi mkononi kama noti bandia. Mama Ghale akaniuliza njiani kama tulikosea kitu.

Waliokwenda kuomba ushahidi kwa majirani ni hao hao wazazi wa Dipsan. Kila mlango wanaambiwa, "Mtoto wangu hakuwa pale, alikuwa kwa bibi yake." Watoto wote wa Kafaltar ghafla wana bibi kijijini. Siwalaumu sana.

Lakini wewe, kijana, namba mbili hujanijibu. "Nilikuwa mtaani kama watu wote." Ebo! Miaka thelathini na moja napokea maelezo ya watu. Wezi wa mbuzi, wagomvi wa mipaka, wake walioachwa, wote nimewasikia. Mtu asiye na hatia husema alikuwa wapi. Mwenye kitu moyoni husema watu wote walikuwa wapi. Mkononi ulishika nini?

Baba yako,
Tirtha Lal


Mahabusu, 6 Asoj

Baba,

Kaa chini kwanza. Usisomee benchini.

Nilishika chupa. Ilikuwa chupa ya maziwa, na ndani yake petroli, na utambi niliuchana kwenye shati langu la shule, lile lenye damu. Tulipofika ofisini wengine walikuwa wakivunja madirisha na kubeba viti, na wengine wanajipiga picha tu. Mimi nilikwenda moja kwa moja chumba cha kumbukumbu. Njia nilikuwa naijua. Nani amenifundisha njia ile kama si wewe, tangu nikiwa nakubebea kidau cha wino?

Na usiniulize kama nilijua kilichokuwa rafu ya tatu. Nilijua. Nililiona lile bunda, na kibandiko chenye mwandiko wako. Wenzangu wangeniambia niseme sikujua, nilikuwa na hasira, kulikuwa na moshi. Moshi haukuwepo bado. Nilisimama pale labda kwa kuhesabu mpaka kumi. Nikafikiria miaka mitatu, kila mwezi unavaa kofia yako, unakwenda dirishani kuuliza "limefika wapi?", na yule kipara anakuambia "liko mezani." Liko mezani! Mkandarasi amejenga nyumba ya ghorofa tatu, na mama yangu yuko mezani. Na jana yake Dipsan. Nikasema, hawa hawatatusoma kamwe, wanatuweka kwenye vitambaa vyekundu kama maiti. Nikarusha.

Moto uliponipiga usoni nilijua nimekosea. Nilitaka kuingia kulichukua, na Sabin, mmoja wa hawa tuliofungwa pamoja, akanivuta mkono. Nilikuwa nataka kuwachoma wao, Baba. Niliwachoma watu mia mbili na kumi na moja waliokuamini wewe. Nimechoma na shamba la yule mjane, ambaye hakunikosea chochote. Hilo linanitafuna kuliko kufungwa.

Sasa jambo jingine, na hili usimwambie mtu. Jana alikuja bwana mmoja wa kutoka mkoani, mpole, na kitambulisho shingoni. Akatuambia serikali hii mpya, iliyoingia baada ya ile ya risasi kuanguka, ina huruma, hawana ushahidi wa moto, na wanataka watoto wote wale sikukuu ya Dashain nyumbani. Kila mmoja atapiga dole kwenye karatasi moja fupi, atoke. Nikaomba kuisoma. Wenzangu wakanicheka, "Mtoto wa mwandishi huyo!" Nikaisoma. Imeandikwa hivi: mimi fulani sikuwepo mbele ya ofisi ya wilaya wala karibu yake, Jumatatu wala Jumanne, na sikuona lolote.

Umeelewa mchezo wenyewe, Baba? Siku zote mbili kwa dole moja. Tukishapiga sote kumi na wanne, moto hauna aliyeuwasha, na Dipsan hana aliyemwona akifa. Kisha yule kipara atakuwa amesema kweli. Shahidi hakuna!

Sitapiga.

Suyog


Kafaltar, 7 Asoj

Suyog,

Piga.

Nimesoma barua yako mara moja tu, siwezi kuirudia. Laiti ungeniambia hukujua. Ningekuamini, ningejilazimisha kukuamini. Ulisimama ukahesabu mpaka kumi mbele ya jina la mama yako! Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi ndani ya nyumba hii. Nimeihamisha vyumba vyote viwili na jikoni.

Lakini piga dole, utoke. Ukweli wako nimeupokea, unatosha, mimi ndiye niliyeutaka na sasa nimeupata. Usiupeleke kwa mtu mwingine.

Na kuna jambo sijakuambia. Tarehe ishirini na saba Bhadau, siku ya tatu baada ya kukamatwa kwako, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza ya makelele, nilikwenda hemani peke yangu. Niliandika tamko kwa mkono wangu kwamba mwanangu Suyog alikuwa nyumbani na homa, Jumatatu mpaka Jumatano, nikimkanda kwa maji. Nikapiga madole yangu, la kulia na la kushoto. Mimi huyu! Mimi ambaye nimewafukuza wateja benchini kwa kutaka niongeze mwaka mmoja katika umri wa mtoto! Karani aliipokea karatasi hiyo bila hata kuisoma. Ile ya uongo ilipita kwa dakika mbili, na ile ya mama Ghale ikakataliwa.

Kwa hiyo nakuomba, usinifanyie ukweli sasa. Ukisema ulikuwepo, umesema baba yako ni mwongo wa kiapo. Leseni yangu itachukuliwa, na pengine tutakaa chumba kimoja huko. Hilo si kitu. La maana ni kwamba kwa kuchoma jengo la serikali ni miaka mingi, Suyog. Nimeshaandika kesi za namna hiyo. Vijana huingia na nywele wakatoka na upara. Mimi sina mtu mwingine.

Siku tisa tu tufike Dashain. Shangazi yako ameotesha shayiri ya baraka za sikukuu. Njoo nikupake tika kwenye paji la uso, nikubariki, halafu nikutandike viboko kwa ajili ya lile bunda. Dipsan amekwenda, hatarudi kwa karatasi. Nisamehe kwa kuyaandika haya.

Baba


Mahabusu, 10 Asoj

Baba,

Kumi na watatu wamepiga, wametoka jana asubuhi. Sabin alilia, akasema ana mama mgonjwa. Nikamwambia aende, na wala sikumwambia kwa kejeli. Nimebaki peke yangu humu na nafasi yote hii ya kulala, na silali.

Inspekta alipokuja kuhesabu leo alisema "moja," kisha akacheka mwenyewe. Akaleta kiti, akaagiza chai mbili. Akaniambia, "Wewe unaumwa nini? Kila mtu ametoka. Baba yako ametamka ulikuwa na homa. Homa, bwana! Piga dole, nenda nyumbani ukapone." Halafu akavua miwani. Baba, ana macho ya kawaida tu. Nilidhani yatakuwa na kitu. Akasema, "Yule mtoto alinyoosha mkono kwenye silaha ya askari. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa." Chupa ya maji! Imeandikwa tayari, sijui ameandika nani, labda mmoja wa wenzako wa benchini. Dipsan sasa ni mtu aliyetaka kunyang'anya bunduki.

Basi, nimekasirika. Nimekukasirikia na wewe. Uliniuliza namba moja na namba mbili, ukanifokea nisikuzungushe, na wakati huo huo dole lako lilikuwa limeshasema nina homa! Ungeniambia mapema ningekukasirikia mapema, leo tungekuwa tumemaliza. Lakini kila nikikukasirikia nakuona umeinama hemani, unaandika uongo wako wa kwanza kwa ule mwandiko mzuri, na nashindwa kuendelea.

Nikipiga dole kwenye karatasi yao, nitaipitaje nyumba ya akina Ghale? Ipo njiani kwetu. Mama yake atanikaribisha chai. Nitamwambia nilikuwa na homa?

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, ya siku zote mbili. Shangazi aliyapeleka benchini wewe ukiwa haupo. Mzee Hiralal alikataa hata kuyagusa, wale wengine wakajifanya wanakula. Askari mmoja hapa, yule anayeiba nyama, ameniambia kwa siri kwamba nikiandika mwenyewe yatatupwa kwa kukosa muundo. Lazima yawe ya mwandishi mwenye leseni. Na hema litafungwa tarehe kumi na mbili saa kumi jioni kwa ajili ya sikukuu. Baada ya Dashain inspekta atahamishwa, amejigamba mwenyewe.

Sikuombi wewe. Ukiyaandika utajikana kwa mkono wako. Nakuuliza tu kama unamjua mwandishi mwingine yeyote, hata wa wilaya ya pili.

Suyog


Kafaltar, 12 Asoj, jioni

Mwanangu Suyog,

Simjui mwandishi mwingine. Wote ni wazembe, na wa wilaya ya pili ana mwandiko wa kuku.

Nimesoma ulichoandika. Pumba tupu. Umeanza na Dipsan, ukalia katikati, ukamtukana inspekta mara nne, ukaja kuutaja moto mwishoni kabisa kama mtu anayeaga. Karatasi hiyo ingerudishwa kabla wino haujakauka. Tangu lini umeniona nikianza na kilio?

Sasa nikueleze nilivyofanya leo, maana wewe uliiona karatasi tu, hukuiona safari yake.

Saa tatu asubuhi niliingia hemani kufuta tamko langu la homa. Niliandika wazi: nilidanganya kwa sababu ni mwanangu. Kipara, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanipa salamu yeye kwanza. Akasema, "Mzee, unajua leseni inakwenda?" Nikamuuliza, inakwenda lini? Akatazama kwenye kitabu chake. Wakifunga, saa kumi. Nikamwambia, basi mpaka saa kumi mimi ni mwandishi wa hati, nipishe nikafanye kazi.

Niliandika yako benchini, mbele ya Hiralal na wenzake, polepole, ili waone. Ukurasa mmoja, upande mmoja. Nimewajua makarani miaka thelathini na moja. Karani husoma mistari minne. Tena wakubwa wao wamewakalia kooni tangu Bhadau wawapatie mtu wa kukiri moto, kwani huko juu wanadaiwa maelezo ya majengo yaliyoungua, hata kama polisi wangependa yote yasahaulike. Kwa hiyo moto nimeuweka juu. Mstari wa kwanza jina lako, wa pili umri, wa tatu na wa nne: kwa mkono wangu nilirusha chupa ya petroli katika chumba cha kumbukumbu, nikijua kilichomo. Sikuupamba. Sikusema hasira, sikusema moshi. Rafu ya tatu nimeitaja, na majina ya waliodhulumiwa na moto wako nimeyataja, kuanzia kwa mjane wa shamba. Mama yako nimemwandika wa mwisho. Hapo nilipumzika kidogo.

Chini yake, katika ukurasa ule ule, nikaweka Jumatatu. Saa, mahali, chupa ya maji, maneno ya Dipsan kwa askari, mkono wa askari ulionyooka kupokea, amri, na aliyeitoa, kwa jina na cheo na namba yake ya kazi. Na mikono yako shingoni mwa mtoto. Kisha mwisho kabisa nafasi ya madole mawili, ambayo hayachagui mstari wa kuthibitisha. Huwezi kuchana karatasi nusu ukabaki na dole zima. Wakitaka moto, wachukue na risasi.

Shangazi yako alipoirudisha kutoka kwako saa nane ikiwa na madole yako na doa la achari pembeni, nilitaka kukutukana kwa lile doa, nikashindwa. Chini ya madole ya mhusika huandikwa jina la mwandishi. Nikaandika la kwangu.

Nilikwenda nayo na nakala mbili, nazo nilikuwa nimekupelekea uzipige madole. Mama Ghale alinifuata, akasimama nyuma yangu. Kipara akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Uso ukamng'aa kama mtu aliyeahidiwa cheo. Akaita mwenzake, "Amekiri! Mtoto wa Tirtha amekiri!" Akagonga muhuri kwenye zote tatu, pa, pa, pa, akaandika namba. Unajua ni namba ngapi? Moja. Madaftari yote ya zamani uliyachoma, kwa hiyo daftari jipya la kesi limeanza na wewe.

Ndipo akaendelea kusoma. Nilimwona alipofika Jumatatu. Alisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. Akasema, "Mzee, hii… nirudishie nakala, kuna kitu hakijakaa sawa." Nikamwambia kila kitu kimekaa sawa, nimekaa nacho tangu asubuhi. Ulisema shahidi aje apige dole, utapokea. Umepokea. Nakala moja ilikuwa tayari mkononi mwa mama Ghale, na mama Ghale alikuwa tayari barabarani, ameongozana na mtu wa tume ya kuchunguza mauaji ya Jumatatu, aliyefika jana kutoka Kathmandu. Sijawahi kumwona mwanamke wa umri ule akitembea kasi namna ile.

Inspekta alikuja saa tisa na nusu. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akauliza nani ameandika uchafu huu. Nikanyoosha kidole kwenye jina langu.

Sitakudanganya, Suyog. Tayari nilishadanganya mara moja, sina kipaji. Kwa karatasi hii utafungwa. Mwanasheria wa akina Ghale anasema pengine miaka minne, pengine zaidi, na yule inspekta pengine atafika mahakamani na pengine hatafika. Lakini ile taarifa ya kunyang'anya bunduki sasa ina karatasi ya kubishana nayo, yenye dole, na mtu aliye tayari kusimama. Jana haikuwa nayo. Leo saa kumi wamechukua leseni yangu, nimetia sahihi ya kuikabidhi, na Hiralal amelia kama mjinga.

Kesho naanza kuzunguka vijiji kwa ajili ya daraja. Nitagonga mlango mmoja mmoja. Thelathini kati ya wale mia mbili na kumi na moja wamekufa au wako Uarabuni, na kila nitakayemfikia ataniuliza kwa nini apige dole tena, na nitalazimika kumwambia kwamba ni kwa sababu mwanangu alilichoma la kwanza. Hiyo ndiyo adhabu uliyonipa mimi, na ninakuudhikia kwa ajili yake, na nitaendelea kukuudhikia.

Dashain tutaila vibaya mwaka huu. Jumamosi chakula nakileta mimi. Nitakupaka tika pale mlangoni mbele yao, na kama yule mwizi wa nyama atagusa hata kipande kimoja, nitamwandikia malalamiko bila leseni. Sitaongea nawe sana, bado nina hasira. Wewe kula tu.

Baba yako,
Tirtha Lal Amatya